Namna ya Kumwingiza Samurai katika Filamu ya Majambazi

Watunzi wengi wanaojaribu kuoanisha mila ya samurai, askari wa kale wa Japani, na filamu ya majambazi huanza na upanga, na hapo ndipo kazi inapoharibika, kwa sababu upanga mkononi mwa mtu aliyevaa suti ni pambo tu. Anza na deni. Neno samurai lenyewe limetokana na kitenzi cha Kijapani chenye maana ya kutumikia, kwa hiyo kabla hujaandika onyesho lolote jiulize mhusika wako anamtumikia nani, anadaiwa fadhila gani, na huyo anayemdai analichukuliaje deni hilo.

Mfano bora ni filamu ya Jim Jarmusch ya mwaka 1999, Ghost Dog, ambamo Forest Whitaker anaigiza muuaji wa kukodiwa anayeishi kwenye kibanda juu ya paa pamoja na njiwa wake, ambao ndio njia pekee ya kuwasiliana naye. Hulipwa mara moja tu kwa mwaka, na bwana wake ni Louie, mwanamafia wa ngazi ya chini aliyemwokoa zamani alipokuwa akipigwa uchochoroni. Tazama kwa makini jinsi tukio hilo linavyokumbukwa mara mbili: katika kumbukumbu ya muuaji, bastola ya mshambuliaji imemwelekea yeye, ilhali katika kumbukumbu ya Louie imemwelekea Louie mwenyewe, maana yake alifyatua risasi kujiokoa. Mmoja ametoa maisha yake yote kulipa fadhila ambayo mwenzake huenda hakukusudia kuitenda. Ukipata deni la namna hiyo, lisilolingana pande mbili, nusu ya hadithi yako imekwisha kujiandika, kwani katika ulimwengu wa majambazi asante ya punda ni mateke, na kundi litakapoamua kumuua mtumishi huyo, yeye bado atajiona amefungwa na kiapo.

Jambo la pili ni kuchagua mila yenyewe kwa uangalifu. Kitabu anachokisoma muuaji huyo, Hagakure, kinatokana na maneno ya Yamamoto Tsunetomo wa Saga, yaliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 18, wakati Japani ilikuwa imekaa kwa amani miaka mingi. Bwana wa Tsunetomo alipofariki mwaka 1700, sheria ilikataza watumishi kujiua ili kumfuata, naye akaishia kuwa mtawa. Kwa maneno mengine, maadili hayo yalikuwa yameanza kuwa kumbukumbu hata kwa aliyeyahubiri. Ndiyo maana yanakaa vizuri karibu na genge lililochakaa, na Jarmusch alilielewa hilo: wanamafia wake ni wazee wanaohema wakipanda ngazi na kudaiwa kodi ya pango. Genge lenye nguvu na fedha halitakupa ladha hiyo.

Halafu kuna ukimya. Katika Le Samouraï ya Jean-Pierre Melville, ya mwaka 1967, dakika kama kumi hupita kabla ya neno la kwanza kusemwa. Tunamwona Alain Delon, anayeigiza muuaji wa kukodiwa, amelala kitandani akivuta sigara, ndege akilia ndani ya kizimba, kisha anasimama mbele ya kioo na kupitisha vidole kwenye ukingo wa kofia yake. Ukiandika mswada, mpe mhusika wako tendo dogo la aina hiyo na ulirudie. Silaha nayo ifuate mwendo wa mila: Whitaker huizungusha bastola kabla ya kuirudisha mahali pake, kana kwamba anauingiza upanga alani. (Maneno ya utangulizi ambayo Melville aliyanasibisha na Bushido, yaani maadili ya samurai, aliyatunga mwenyewe, leo usithubutu, watazamaji wamesoma.)

Usiiruke Japani yenyewe. Filamu za yakuza, yaani majambazi wa Kijapani, za kampuni ya Toei miaka ya 1960 zilijengwa juu ya mvutano kati ya giri, yaani wajibu, na ninjo, yaani hisia za kibinadamu, kisha mwaka 1973 mwongozaji Kinji Fukasaku akaonyesha Hiroshima ya baada ya vita ambako wakubwa huwauza vijana wao bila haya. Amua mapema uko upande gani, maana mhusika mwadilifu na kundi adilifu hawawezi kugongana.

Kuhusu mwisho, filamu hizo mbili za 1967 na 1999 zinakutana: mhusika anakwenda kwenye kifo chake na bastola isiyo na risasi, na mtazamaji anathibitishiwa baadaye, mara moja kwa mkono wa inspekta anayeikagua, mara nyingine kwa mtoto wa kike anayeiokota na kumfyatulia Louie, aliyemuua mhusika, ikalia tupu. Fuata mpangilio huo huo katika mswada wako: andika mlio kwanza, mwili uanguke, kisha mtu mwingine aifungue silaha, na usimpe yeyote sentensi ya kueleza alichokiona.