Kumtunza kasuku wa kijivu ambaye tayari yumo nyumbani

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari anaye kasuku wa kijivu, ama amemrithi kwa mzazi, ama ameachiwa na jamaa aliyehama, ama alimnunua zamani bila kuuliza alikotoka. Anayefikiria kununua leo namshauri asinunue. Kasuku huyu huweza kuishi miaka 40 hadi 60, hutaga mayai machache, na wale wanaouzwa kwa siri mara nyingi wamenaswa kwa ulimbo katika misitu ya Kongo, wakasongamanishwa ndani ya masanduku, na wenzao wengi wakafia njiani.

Anza na karatasi, yaani kibali cha kumfuga. Mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilikutana Johannesburg zikamhamishia kasuku wa kijivu kwenye Kiambatisho cha Kwanza, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini ni marufuku. Nchini Kenya, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilitoa muda wa msamaha mwaka 2022 ili waliokuwa nao bila kibali wajitokeze. Nchini Uganda mamlaka husika ni Mamlaka ya Wanyamapori (UWA). Mtazame pia miguu. Pete nzima isiyo na kiungo huvishwa kifaranga angali mdogo sana, kwa sababu baadaye haipiti tena kwenye vidole, na kwa hiyo ni dalili nzuri kwamba alizaliwa mikononi mwa binadamu. Pete yenye mwanya huweza kuvishwa ndege wa umri wowote, na haithibitishi chochote.

Tundu liwe na nafasi ya kutosha ndege akunjue mbawa zote mbili na kuzipiga bila kugusa pembeni. Upana wa sentimita 90 na kina cha sentimita 60 ndicho kipimo cha chini ninachokikubali. Mwanya kati ya nondo usizidi sentimita 2.5, asije akapenyeza kichwa kikanasa. Mafundi wetu hupenda waya wa mabati, na kasuku ana tabia ya kuulamba na kuutafuna kutwa nzima, hata zinki ikamwingia na kumdhuru polepole. Kama huna njia ya kupata chuma cha pua, sugua waya mpya kwa brashi na siki, uuoshe, uuache juani, kisha urudie. Vijiti vya kusimamia viwe vya matawi ya mpera yenye unene tofauti, maana kijiti cha duara cha unene mmoja humchubua nyayo.

Usimweke jikoni hata siku moja. Mapafu ya ndege hunyonya hewa kwa wepesi kuliko yetu, na kikaango kisichogandisha chakula kikipata moto kupita kiasi hutoa mvuke unaoweza kumuua kwa dakika chache huku wewe hujasikia harufu yoyote. Moshi wa jiko la mkaa na wa mafuta ya taa nao si salama kwake.

Katika chakula ndipo wengi hukosea, tena kwa nia njema. Kasuku aliyezoea alizeti huichagua na kutupa vingine vyote, na mwenye nyumba hudhani kwamba ndege anajua kinachomfaa. Hajui. Alizeti ina mafuta mengi, ina kalisi (kalsiamu) kidogo, na haina vitamini A ya kutosha. Porini ndege huyuhuyu hula tunda la mchikichi, na rangi yake nyekundu ya machungwa inatokana na kile kinachojenga vitamini hiyo. Mjini unaweza kumpa karoti, boga, viazi vitamu vilivyochemshwa, na sukuma wiki, ambayo ina kalisi nyingi. Kalisi ni jambo la pekee kwa kasuku wa kijivu: ikipungua katika damu yake, huanguka kutoka kijitini akatetemeka kama mtoto mwenye degedege. Mwili wake hauwezi kuitumia kalisi vizuri bila jua, na jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halimfai, kwa kuwa kioo huzuia mionzi inayohitajika. Mtoe nje asubuhi kwa nusu saa hivi, nusu ya tundu ikiwa kivulini. Maharage yaive kabisa. Parachichi, chokoleti, kahawa, pombe na vyakula vya chumvi asivionje kamwe.

Nunua mizani ya jikoni inayopima gramu. Funga kijiti kifupi juu yake, mzoeze kupanda kwa kumpa punje moja ya karanga isiyo na chumvi, na umpime kila asubuhi kabla hajala, ukiandika tarehe na uzito katika daftari. Ndege huficha ugonjwa, kwa kuwa porini mgonjwa ndiye hukamatwa kwanza. Ataendelea kupiga mluzi na kuchezea chakula hata hali yake ikiwa mbaya. Kasuku mmoja niliyewahi kumlea alikuwa mchangamfu kama kawaida wiki nzima ambayo daftari lilionyesha ameshuka kutoka gramu 452 hadi 409. Tofauti hiyo haifiki uzito wa yai la kuku, lakini ni karibu sehemu moja ya kumi ya mwili wake, na nilipopapasa kidari mfupa wa katikati ulikuwa umechongoka kama ukingo wa jahazi. Ukiona hivyo, au mkia ukipanda na kushuka kila anapovuta pumzi, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Mweleze daktari kama kuna mtu nyumbani mwenye homa na kikohozi, kwa sababu upo ugonjwa wa kasuku unaoambukiza binadamu.

Kasuku anayejinyonyoa manyoya achunguzwe kwanza na daktari. Asipopatikana na ugonjwa, mara nyingi sababu ni upweke na kukosa kazi, maana porini hulala kwa makundi makubwa na kutwa hutafuta chakula. Kifunge chakula chake ndani ya majani ya mgomba au gunzi la mahindi akipasue mwenyewe, na umpe saa 10 hadi 12 za giza na utulivu. Televisheni ya sebuleni humnyima usingizi.

Ukishindwa kumtunza, usimfungulie mlango aruke. Aliyelelewa ndani hajui kutafuta chakula, na anaweza kuwapelekea wa porini maradhi. Mkabidhi kwa mamlaka ya wanyamapori. Upande wa Kongo, kituo cha Lwiro karibu na Bukavu kimekuwa kikipokea kasuku walionyang'anywa wafanyabiashara. Na kwa kuwa huenda akaishi kuliko wewe, mtaje katika wosia: nani atamchukua, kibali kiko wapi, na daftari la uzito limehifadhiwa kwenye droo gani.