Jina Livingstone: namna ya kufuatilia chimbuko lake na safari zake kutoka Uskoti

Wasomaji wengi wa Kiswahili hulijua jina hili kwa sababu ya Dk. David Livingstone, mmisionari na msafiri Mskoti wa karne ya 19, na habari zake za Ujiji na Bagamoyo. Huko kwao Uskoti, Livingstone ni jina la ukoo lenye machimbuko mawili yasiyohusiana kwa damu. Moja ni la Nyanda za Chini, karibu na Edinburgh, nalo lilitokana na jina la mahali. La pili ni la visiwa na pwani ya Argyll, magharibi mwa Uskoti, ambako watu waliokuwa na jina la Kigaeli, lugha ya asili ya milimani na visiwani, walilibadili kwa la Kiingereza. Ndiyo maana mtafiti anayeanza na nembo na majumba ya mabwana huishia kwenye ukoo wa watu wengine. Kinachokata shauri ni parokia. Anza na mtu unayemjua, rudi nyuma kizazi kimoja kimoja, na usivuke kizazi ambacho hujapata hati yake.

Kwanza, yajue machimbuko yenyewe

Enzi za Mfalme David I (1124–1153), mtu aliyeitwa Leving alikuwa na ardhi katika eneo ambalo sasa ni West Lothian. Makazi yake yakaitwa Levingestoun, na wazao wake wakajiita kwa jina hilo la mahali. Tawi lao kubwa lilishika ardhi ya Callendar, karibu na Falkirk, katika karne ya 14. Lilikuwa na nguvu kiasi kwamba mwaka 1439 Sir Alexander Livingston alimweka kizuizini malkia Joan, mama wa mfalme aliyekuwa bado mtoto. Mwaka 1600 walipata cheo cha Earl wa Linlithgow, na mwaka 1716 wakapokonywa vyeo na ardhi kwa kuunga mkono uasi wa 1715 wa Wajakobo, yaani waliotaka kuurudisha ukoo wa kifalme wa Stewart uliokuwa umeondolewa. Hata hivyo, mkulima au fundi yeyote aliyetoka kijiji cha Livingston aliweza kuandikwa “wa Livingston”, kwa hiyo hata huku chini si wote walio uzao wa Leving.

Upande wa Argyll, kwenye visiwa vya Lismore, Mull na Ulva, na huko Appin pwani, jina lilikuwa Mac an Lèigh, yaani mwana wa mganga, au Mac Dhunnshlèibhe, mwana wa Donnshléibhe. Makarani waliosikia Kigaeli na kuandika Kiingereza wakaweka McLea, McLeay, McLay, McInlea na maumbo mengine mengi, hadi Livingstone ikashika. Familia ya Bachuil huko Lismore ndiyo watunzaji wa Bachuil Mòr, fimbo inayonasibishwa na Mtakatifu Moluag aliyefariki mwaka 592. Mwaka 2003 Lord Lyon, mwenye mamlaka ya nembo Uskoti, alimtambua mkuu wa familia hiyo kuwa mkuu wa ukoo wa MacLea. Hawa walifuata mabwana wa ukoo wa Stewart wa Appin, si mabwana wa Callendar.

Hatua ya 1: Kusanya vya nyumbani

Vyeti, Biblia ya familia, barua, maandishi ya makaburini. Andika jina la mama kwa ukoo wake wa kuzaliwa. Uskoti utalihitaji kila mara. Usijali herufi “e” ya mwisho. Baba yake Dk. David Livingstone aliandika Livingston, mwanawe akafuata hivyo kwa miaka mingi, kisha katika miaka ya 1850 “e” ikarudishwa kwa matakwa ya baba huyo huyo. Anayekwambia kwamba wenye “e” ni wa milimani na wasio nayo ni wa Edinburgh anakupotosha.

Hatua ya 2: Vyeti vya tangu 1855

Usajili wa lazima wa vizazi, ndoa na vifo Uskoti ulianza tarehe 1 Januari 1855. Vyeti vimo kwenye ScotlandsPeople, tovuti rasmi ya serikali. Kutafuta kwenye faharasa ni bure. Kufungua picha ya cheti hulipiwa kwa krediti, vipimo vya malipo vinavyonunuliwa kwenye tovuti hiyo: ni krediti 6, kama pauni 1.50. Picha za mtandaoni hufungwa kwa miaka 100 kwa vizazi, 75 kwa ndoa na 50 kwa vifo.

Anza na cheti cha kifo. Wengi hukimbilia cha kuzaliwa, lakini cheti cha kifo cha Uskoti hutaja baba na mama wa marehemu, pamoja na ukoo wa mama, kwa hiyo kifo cha mzee mmoja mwaka 1860 kinaweza kukurudisha hadi wazazi waliooana miaka ya 1780. Kasoro yake ni kwamba taarifa hizo hutolewa na aliyebaki hai. Mkwe aliyekuja kuandikisha kifo asubuhi ya msiba anaweza kuwa hakuwahi kumwona bibi wa marehemu. Tazama safu ya mtoa taarifa kabla hujaamini. Halafu linganisha na cheti cha ndoa, ambacho nacho hutaja wazazi wa pande zote mbili, na hapo bwana na bibi harusi walijisemea wenyewe.

Ukipata ndugu yeyote aliyesajiliwa mwaka 1855 wenyewe, usimwache, hata kama ni binamu wa mbali. Fomu za mwaka huo zilidai mambo mengi mno: umri na mahali walipozaliwa wazazi, tarehe ya ndoa yao, idadi ya watoto wengine walio hai na waliokufa. Makarani walilemewa, na mwaka 1856 fomu ikapunguzwa.

Unapotafuta, tumia nyota mahali pa herufi usizo na hakika nazo: L*v*ngst*n* huvua Livingston, Livingstone na Levingstoun kwa mpigo. Kisha rudia kutafuta kwa McL*a*. Kosa la kawaida ni kutafuta kwa umbo moja tu na kutangaza kwamba babu “hakusajiliwa”.

Hatua ya 3: Sensa, na swali la lugha

Sensa zilizo wazi ni za kila miaka kumi kuanzia 1841 hadi 1921. Ile ya 1841 ni dhaifu: umri wa waliozidi miaka 15 mara nyingi ulishushwa hadi namba inayogawanyika kwa 5, na mahali pa kuzaliwa huonyesha tu kama mtu alizaliwa katika kaunti hiyo au la. Kuanzia 1851 utapata parokia ya kuzaliwa na uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya. Hiyo parokia ndiyo dhahabu.

Kwa jina hili kuna kipimo kingine ambacho watu hukipita. Sensa ya 1891 iliuliza kuhusu Kigaeli: G kwa asemaye Kigaeli tu, G & E kwa asemaye Kigaeli na Kiingereza. Livingstone mwenye G & E kwenye mtaa wa wafanyakazi wa Glasgow karibu hakika ni wa Argyll, hata kama watoto wake wote walizaliwa mjini na safu yao ni tupu. Kukosa alama hakuthibitishi kinyume chake, maana watoto waliacha lugha haraka.

Hatua ya 4: Kabla ya 1855, daftari za parokia

Hapa ndipo kazi inapokuwa ngumu. Daftari za Kanisa la Uskoti ni za ubatizo na matangazo ya ndoa. Za mazishi ni chache na zina mapengo. Kongwe kabisa inaanzia 1553, lakini za visiwani na milimani nyingi huanza karne ya 18, tena kwa kurukaruka. Kwa Ulva tafuta chini ya parokia ya Kilninian na Kilmore, huko Mull. Lismore na Appin zilikuwa parokia moja. Kuna mitego mitatu ya kuangalia.

Kati ya 1783 na 1794 kila maingizo kwenye daftari yalitozwa ushuru wa pensi tatu. Maskini wengi hawakuandikisha watoto, kwa hiyo pengo la miaka hiyo si uthibitisho wa lolote. Baada ya mgawanyiko wa kanisa wa 1843, familia nyingi za milimani zilihamia Kanisa Huru, na ubatizo wao haumo kwenye daftari la parokia. Mtego wa tatu ni majina ya kwanza kurudiwarudiwa: kwa desturi mtoto wa kiume wa kwanza alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, wa tatu la baba, binti wa kwanza la bibi mzaa mama, wa pili la bibi mzaa baba. Msomaji wa pwani au wa bara hatashangaa, maana kurithisha jina la babu tunakujua. Tatizo ni kwamba ndugu wanne waliomwita mzaliwa wao wa kwanza Neil wanakuachia akina Neil Livingstone wanne wa rika moja katika parokia moja. Watenganishe kwa jina la shamba walikoishi na kwa mashahidi wa ubatizo, kamwe si kwa umri peke yake.

Daftari zikiishia njiani, nenda kwenye kumbukumbu za baraza la wazee wa kanisa. Picha zake husomwa bure kwenye ScotlandsPeople, japo hazina faharasa ya majina, kwa hiyo ni kusoma ukurasa kwa ukurasa. Ndani yake kuna jambo linalofanana na barua ya kuhama usharika: aliyehama parokia alibeba cheti kutoka kwa mchungaji wake, na parokia mpya wakati mwingine ilikiandika. Pengine hicho ndicho kiungo pekee kati ya kisiwa na mji. Kwa wenye mali, wosia zimo kuanzia 1513.

Hatua ya 5: Chora ramani ya safari ya ndani

Kila tukio liwekee mwaka, shamba au mtaa, na parokia, kisha liweke kwenye ramani za kale za Maktaba ya Taifa ya Uskoti, ambazo ni bure mtandaoni. Mfano mzuri ni familia ya Dk. Livingstone. Babu yake, Neil, aliona shamba la Ulva halitoshi kulisha watoto wake, akahamia kiwanda cha pamba cha Blantyre, juu ya mto Clyde, kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1785. David alizaliwa huko Blantyre tarehe 19 Machi 1813 na kuingia kiwandani akiwa na miaka 10. Kwa simulizi ya familia, baba wa huyo Neil alianguka vitani Culloden mwaka 1746. Unaona mwelekeo: kisiwa, kiwanda, mji. Ukikuta Livingstone huko Lanarkshire, kaunti yenye Blantyre, baada ya 1785, tazama magharibi kabla hujatazama West Lothian.

Ulva nayo iliwatoa wengine kwa nguvu. Mwaka 1835 ilinunuliwa na Francis William Clark, na kuanzia katikati ya miaka ya 1840, wakati viazi vilipooza, wapangaji wakaondolewa ili kupisha kondoo.

Hatua ya 6: Ng'ambo

Hakuna orodha kamili ya abiria waliotoka Uskoti katika karne ya 18 na mwanzo wa 19. Rejesta za Uingereza za wanaoondoka kwa meli zilizobaki zinahusu 1890–1960. Kwa hiyo, kwa wa zamani, tafuta upande wa walikofikia: maombi ya ardhi Kanada, makaburi ya Carolina Kaskazini ambako watu wa Argyll walianza kutua Cape Fear mwaka 1739, na kwa Australia orodha za shirika lililosafirisha karibu watu 5,000 wa milimani na visiwani kati ya 1852 na 1857. Orodha hizo zimepangwa kwa familia na mahali walikotoka.

Usifuate mtu mmoja, fuata ndugu. David alikuja Afrika, kaka yake John alihamia Kanada, na mdogo wao Charles alikwenda kusoma Marekani, akawa mchungaji huko kabla ya kujiunga na safari ya Zambezi. Barua au wosia wa ndugu mmoja huweza kutaja wote.

Akina Livingston wa New York ni habari nyingine kabisa. Mchungaji John Livingstone wa Ancrum, huko Uskoti, alifukuzwa nchini, na mwaka 1663 akakimbilia Rotterdam, Uholanzi. Mwanawe Robert, aliyezaliwa 1654, alikulia kwenye Kiholanzi, akavuka hadi Albany, na mwaka 1686 akapewa hati ya ardhi kubwa kando ya mto Hudson. Mjukuu wake Philip alitia sahihi Tangazo la Uhuru la Marekani la 1776. Familia hii ilimiliki watumwa na kufanya biashara yao. Angalia pia tarehe: Uskoti ulihesabu mwaka mpya kuanzia Januari 1 tangu 1600, lakini makoloni ya Uingereza yalisubiri hadi 1752, hivyo tarehe ya Februari huweza kutofautiana mwaka mzima.

Hatua ya 7: DNA, mwishoni

Kinachofuata jina la ukoo ni kromosomu Y, inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana. Mwanamke hana, basi apimwe kaka, baba au ami yake. Pima angalau alama 37 (sehemu za kromosomu hiyo zinazolinganishwa), ujiunge na kundi la watafiti wa jina hili, na ujilinganishe na watu wenye hati za Lismore au za West Lothian. Ukikuta DNA yako inafanana na ya mtu asiye na jina hili, si aibu: kuasili, kuzaliwa nje ya ndoa na kurithi jina la mama ni mambo ya kila ukoo.

Jina bila damu

Jamaica na Marekani wako Livingston wengi weusi, na katika familia nyingi hizo jina lilitoka kwa aliyewamiliki wahenga wao. Hapo utafiti uanze na orodha za watumwa na hati za mashamba, si Argyll. Malawi, Kenya, Uganda na Tanzania, Livingstone mara nyingi ni jina la ubatizo lililopewa kwa heshima ya mmisionari, likageuka la ukoo watoto walipoandikishwa shule. Hati ya kutafuta ni daftari la ubatizo la misheni, na swali la kwanza ni jina gani la nyumbani limeandikwa kando yake.