Kupanga maneno ya Kiamu kifamilia, usidanganywe na umbo

Nakusanya maneno ya Kiamu, lahaja ya Kiswahili ya hapa Lamu, na swali naloulizwa kila mara ni utajuaje neno hili na lile ni ndugu. Mimi nafanya hivi.

Kwanza andika sentensi nzima, sio neno tupu, na hili nalisisitiza sana. Kuna siku Langoni nilisikia "watoto wateka" nikaandika teka tu, usiku nikaiweka pamoja na kuteka maji. Kesho yake nikamsomea mama mmoja wa mtaa ule, akaniambia, "Mwanangu, watoto wale uliwaona na ndoo?" Kuteka kwa Kiamu ni kucheka! Ch ya Kiunguja mara nyingi kwetu ni t, ndio maana nchi twaita nti. Basi teka ziko tatu: ya kucheka, ya maji, na ya vitani iliyozaa mateka. Hizo mbili za mwisho unaweza kubishana, mimi nazitenga manake mateka na kisima sioni vinakutana wapi.

Hatua ya pili, vua viambishi. Navua, tulivua, hawavui, yote hayo ni neno moja limebadili mtendaji na wakati tu, kitomeo chake, yaani neno kuu unaloliorodhesha, ni vua, mstari mmoja kwenye spredishiti. Mvuvi na uvuvi ni maneno mapya, kila moja lipe mstari wake halafu safu ya pembeni uandike mzizi ni vua. Sauti ikigeuka usiogope, pika imezaa mpishi, jenga imezaa mjenzi.

Tatu ndio kazi yenyewe, pima maana. Kuna vua samaki na vua nguo, na zote ukizinyambua zinatoa vulia, kwa hiyo umbo halikusaidii kitu. Uliza kinyume: vua nguo kinyume chake vaa, ya samaki haina. Uliza mtendaji: mvuvi ni wa baharini, hakuna anayemwita mvuvi mtu anayebadilisha kanzu. Ziandike vua 1 na vua 2, mvuvi mpeleke kwa ya samaki.

Halafu kuna yanayofanana maana umbo likiwa mbali, kama ito na mato, yaani jicho na macho, au iwe na mawe, yaani jiwe na mawe. Kompyuta ukiiambia ipange kialfabeti itatupa ito huku na mato kule, kwa hiyo mistari yote miwili ijazie kitomeo ito kwanza, ndio upange.