Kutumia maji ya uti wa mgongo kukadiria nafuu baada ya kiharusi

Seli za neva zinapokufa kwa kiharusi, humwaga protini zake katika maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Wingi wa protini hizo hudokeza ukubwa wa madhara, lakini tarakimu ya maabara isiyoandamana na saa ya kuchukuliwa sampuli haina maana yoyote.

Hatua ya 1: Hakikisha kuna sababu ya kuchoma sindano mgongoni kuchukua maji hayo. Utabiri pekee hautoshi. Kipimo hiki kifanyike ndani ya utafiti ulioidhinishwa, au pale maji yanapochukuliwa kwa hitaji jingine la tiba. Neurofilamenti nyepesi, protini ya nyuzi za seli za neva, siku hizi hupimika hata kwenye damu, kwa hiyo jiulize kwanza kama damu haitoshi. Mgonjwa asiyeweza kusema huombewa idhini kwa ndugu yake, naye aelezwe bila haraka.

Hatua ya 2: Tazama picha ya CT. Ukiona uvimbe unaousukuma ubongo upande mmoja, usichome, kwa sababu kupunguza maji chini kunaweza kuuvuta ubongo na kumuua mgonjwa. Kagua pia idadi ya chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, na dawa za kuzuia damu kuganda au za kuyeyusha bonge.

Hatua ya 3: Andika saa dalili zilipoanza, au saa mgonjwa alipoonekana mzima kwa mara ya mwisho, pamoja na alama zake za NIHSS, kipimo cha ukali wa kiharusi, ambazo huanzia 0 hadi 42. S100B, protini ya seli zinazozisaidia neva, hupanda siku chache za mwanzo. Tau, protini ya ndani ya seli za neva, hubaki juu kwa wiki kadhaa. Neurofilamenti nyepesi hupanda taratibu na kufika kileleni baadaye zaidi. Sampuli ya siku ya pili na ya siku ya ishirini hazilinganishwi.

Hatua ya 4: Mlaze mgonjwa ubavu, magoti yakielekea kifuani, upande uliopooza ukiegemezwa kwa mto. Choma kati ya pingili ya tatu na ya nne za kiuno, au ya nne na ya tano, kwa sindano yenye ncha butu, ambayo hupunguza maumivu ya kichwa baadaye. Matone ya kwanza yakiwa ya waridi kisha yakawa meupe kama maji, mrija huo wa kwanza usiupime protini: chembe nyekundu za damu zikipasuka humwaga enolasi, protini ambayo pia hutoka kwenye neva zilizokufa, na kukudanganya.

Hatua ya 5: Tumia mirija ya polipropilini, zungusha sampuli kwenye sentrifuji mapema, igawe katika vichupa vidogo na uigandishe kwa nyuzi 80 chini ya sifuri. Usiiyeyushe na kuigandisha tena.

Hatua ya 6: Soma matokeo pamoja na umri, kwani neurofilamenti hupanda kwa uzee hata bila kiharusi, na pamoja na NIHSS na ukubwa wa kidonda kwenye picha. Siku ya 90 baada ya kiharusi, mtu asiyeyajua matokeo ya maabara ampime mgonjwa kwa mizani ya Rankin ya ulemavu, kuanzia 0 (hana dalili) hadi 6 (amefariki).