Mtihani wa leseni ya ukaguzi wa nyumba Marekani: fundi, acha nyundo mlangoni

Mara ya kwanza nilifeli. Nilipata 471, na alama ya kufaulu ni 500. Iliniuma, maana nimeshika mwiko tangu nikiwa kijana Tanga, nimesimamia nyumba Dar, na hapa Columbus, Ohio, nimefanya kazi ya kubadilisha mapaa misimu mitatu. Nani aniambie sijui nyumba? Karatasi ya matokeo ndiyo iliyoniambia. Anayefeli huonyeshwa sehemu alizolegea. Upande wa kuzitambua sehemu za nyumba nilikuwa sawa. Nilikoanguka ni kwenye kuchambua kasoro na kuandika ripoti.

Nikakaa na ile karatasi hadi nikaelewa. Kila swali nilikuwa nalijibu kifundi, nawaza namna ya kurekebisha. Mtihani huu hautafuti fundi, unatafuta shahidi: mtu aliyeona kitu, anayejua kinaashiria nini, na anayejua wapi ushahidi wake unaishia. Huu mwongozo nimewaandikia ndugu zangu wenye mikono ya kazi kama mimi, kwa sababu sisi ndio tunaofeli kwa kujiamini.

Hatua ya 1: Uliza jimbo lako kwanza

Marekani haina leseni moja ya taifa kwa kazi hii. Kila jimbo lina lake. Michigan, Minnesota, Georgia na California hazitoi leseni ya jimbo kwa wakaguzi wa nyumba. Texas inatoa, na masharti yake ni mazito. Hapa Ohio sheria ilianza kutumika 2019: unasoma saa 80 za darasa au mtandaoni, unafanya mazoezi ya ukaguzi, unachunguzwa rekodi za uhalifu, unakata bima, na unafaulu mtihani wa taifa unaoitwa NHIE. Majimbo mengi yanautumia huohuo, mengine yanaongeza kipande chao cha sheria za jimbo.

Ingia kwenye tovuti ya mamlaka ya jimbo lako uisome mwenyewe kabla hujamlipa mtu yeyote ada ya kozi. Jamaa yangu mmoja alimaliza kozi nzima ya bei ya ofa, ndipo akagundua jimbo lake halikuwa limeiidhinisha. Hela ilikwenda.

Hatua ya 2: Ujue mtihani wenyewe

Maswali 200 ya kuchagua, saa nne, kwa Kiingereza. Kati ya hayo, 25 ni ya majaribio na hayahesabiwi, ila hujui ni yapi, kwa hiyo jibu yote kwa uzito uleule. Ukigawa muda, kila swali lina dakika moja na sekunde 12. Alama zinapangwa kati ya 200 na 800. Nilipolipia mimi ilikuwa dola 225, na ukifeli unasubiri siku 30 ndipo urudie. Piga hesabu ya hizo siku na hiyo hela kabla hujasema "nitajaribu tu".

Mambo yamegawanywa mafungu matatu. Kubwa kuliko yote ni kukagua jengo na eneo lake. La pili ni uchambuzi na ripoti. La tatu ni wajibu wa kikazi: maadili, mkataba na mteja, mipaka yako.

Hatua ya 3: Sahau nyumba ya nyumbani

Hapa nitakaa, maana ndipo penye kazi.

Kwetu ukuta ndio nyumba. Bloku zinabeba lenta, lenta inabeba kenchi, kenchi inabeba bati. Nyumba ya Marekani iliyo ya kawaida ni mifupa ya mbao, nguzo ndogo zilizopangwa kila inchi 16, halafu ikavishwa. Tofali unazoziona nje mara nyingi ni kanzu tu, hazibebi kitu.

Darasani mwalimu alituonyesha picha ya ukuta wa tofali wenye vitundu chini, kila baada ya tofali kadhaa hakuna saruji kwenye kiungo. Akauliza kasoro iko wapi. Nikanyosha mkono: mwashi mvivu, hajaziba viungo. Darasa likacheka. Vile vitundu vimeachwa makusudi. Mvua hupenya tofali, maji huteremka nyuma yake, na pale chini ndipo yanapotokea. Fundi wa kwetu angeviziba kwa saruji ndani ya nusu saa, apokee asante ya mwenye nyumba, na miaka michache baadaye mbao za ndani zingekuwa zimeoza. Kwa mkaguzi, kuziba ndiyo kasoro.

Na hiyo ni moja. Kuna chumba cha chini ya ardhi, ambacho wengi wetu hatujawahi kukijenga. Kuna fanesi ya gesi, yaani tanuri la kupasha nyumba joto, na moshi wake. Kuna darini pamejazwa sufi ya kuzuia joto, na feni ya bafu ambayo mtu kaielekeza humohumo darini badala ya nje, mvuke ukaenda kuotesha ukungu kwenye mbao. Kuna msingi unaopaswa kushuka chini ya kina ambacho udongo huganda wakati wa baridi, kwa sababu maji yakiganda yanapanuka na kuinyanyua nyumba. Tanga nani aliwahi kuwaza hilo?

Kwa hiyo usianze na kitabu, anza na nyumba. Omba ruhusa kwa mtu unayemfahamu mwenye nyumba yake, ingia na tochi na daftari. Fuata njia moja kila mara: nje kuzunguka, paa, darini, vyumba, chini. Kila kitu unachokiona andika jina lake la Kiingereza kama linavyotumika kwenye mtihani, na pembeni eleza kwa Kiswahili kazi yake. Lile daftari lilinisaidia kuliko maswali ya mtandaoni, kwa sababu tatizo langu halikuwa Kiingereza. Lilikuwa kutowahi kukigusa kitu chenyewe.

Hatua ya 4: Shika namba pamoja na sababu zake

Namba zipo na lazima uzikariri. Lakini namba isiyo na sababu inakimbia ukiwa na hofu, kwa hiyo mimi nilizifunga pamoja.

Chukua hita ya maji. Ina valvu ya usalama inayofunguka joto likifika nyuzi 210 za Fahrenheit au presha ikifika psi 150. Kutoka pale linateremka bomba, linaishia si zaidi ya inchi sita juu ya sakafu. Bomba hilo halipandi juu, halipunguzwi upana, halina koki, na mwisho wake hauna nyuzi za kufungia kifuniko. Kwa nini nyuzi? Siku moja niliingia chumba cha chini cha nyumba ya rafiki, nikakuta bomba limefungwa kifuniko kizurii, cha shaba. Nikamuuliza. Akasema lilikuwa linadondosha maji, linachafua sakafu. Nikamwambia: mama yako angeziba kile kidude cha juu cha presha kuka kwa sababu kinapiga kelele, wewe ungekaa jikoni? Alitoka nje kwanza, ndipo akampigia fundi bomba. Baada ya hapo sijawahi kusahau namba hata moja ya ile valvu.

Umeme uzisome hivyohivyo. Waya wa shaba namba 14 unakwenda na breka ya ampea 15, namba 12 na ampea 20, namba 10 na ampea 30. Namba ikipanda waya unakuwa mwembamba, kinyume na unavyodhani. Ukikuta waya wa 12 kwenye breka ya 30, waya utachemka kabla breka haijashtuka. Kwenye boksi la pili la umeme, lile linalolishwa na boksi kuu, nyutro (waya wa kurudisha umeme) na waya wa ardhi havikutani. Vikiunganishwa, umeme wa kurudi unagawana njia na vyuma vitupu ambavyo mtu anashika. Hili rudia hadi uliseme usingizini.

Ngazi: kipandio kisizidi kimo cha inchi 7¾, sehemu ya kukanyagia isipungue inchi 10, na tofauti kati ya kipandio na kipandio isizidi inchi ⅜, maana mguu unakariri kimo cha kwanza na ukidanganywa unajikwaa. Kwenye ukingo wa kibaraza, mpira wa inchi 4 usipite kati ya nguzo, kwa sababu ya kichwa cha mtoto. Udongo uteremke inchi 6 katika futi 10 za kwanza kutoka ukutani. Bomba la moshi lipite paa kwa futi 3, na liwe juu kwa futi 2 kuliko chochote kilicho ndani ya futi 10. Rangi ya nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 ishuku madini ya risasi. Hizi nilizirekodi kwa sauti yangu kwenye simu, nikawa nasikiliza njiani kwenda zamu ya ghala, saa kumi na moja alfajiri.

Hatua ya 5: Jifunze kujibu kama shahidi

Jaribu swali hili nililolitunga kwa mfano. Ukuta wa bloku wa chumba cha chini una ufa wa mlalo, karibu na katikati ya kimo chake, na umetuna kidogo kwa ndani. Chanzo kinachowezekana zaidi ni kipi: msingi kuzama upande mmoja, udongo wa nje kuusukuma ukuta, saruji kusinyaa wakati ikikauka, au uzito wa paa?

Usikimbilie jibu. Soma mwelekeo wa ufa. Ufa mwembamba wa wima kwenye ukuta wa zege mara nyingi ni kusinyaa. Ufa unaopanda kama ngazi kwenye viungo vya tofali unaelekeza kwenye kuzama. Ufa wa mlalo na ukuta uliotuna, huo ni udongo unasukuma kutoka nje, hasa ukilowa: angalia gata, ule mfereji wa maji ya paa, kama inamwaga maji pale pale ukutani.

Sasa swali linalofuata lingekuwa: utamshauri nini mteja? Hapa ndipo nilikokuwa naangamia. Moja ya majibu ingesema apige nguzo za chuma kuuzuia ukuta, na mimi mkono ungeenda huko, kwa sababu najua kuzipiga. Jibu la mkaguzi ni kuandika alichokiona, mahali kilipo na madhara yake, kisha kupendekeza mhandisi wa miundo aukague. Kila unapoona jibu linalokufanya utengeneze kitu, ukihesabie bei, ukitabirie miaka kitakayodumu au useme kama kimetimiza sheria ya ujenzi, jibu hilo lishuku.

Soma viwango vya utendaji vya ASHI na vya InterNACHI, vyama viwili vya wakaguzi wa nyumba. Vinapatikana bure, havina kurasa nyingi, nami niliviruka mara ya kwanza nikaona ni porojo za ofisini. Humo ndimo mlimo mipaka yako: unakagua kinachoonekana na kufikika bila kuvunja, husogezi makochi, hupandi paa lenye hatari, na kama kuna kitu hukukikagua unaandika kwamba hukukikagua na sababu. Upande wa maadili, huchukui tenda ya kutengeneza kwa malipo nyumba uliyoikagua kabla mwaka haujapita, na ripoti ni ya mteja aliyekulipa. Dalali akiiomba, anaiomba kwa mteja.

Hatua ya 6: Wiki ya mwisho na siku yenyewe

Fanya mtihani mzima wa mazoezi mara mbili, saa nne bila kuinuka. Si kwa ajili ya alama. Ni kwa ajili ya mgongo na macho, kwa sababu baada ya swali la 140 akili inaanza kusoma maneno yasiyokuwepo. Zingatia maneno kama "isipokuwa" na "kwanza" kwenye maswali ya Kiingereza, ndiyo yanayogeuza jibu. Ukikwama, weka alama, songa mbele, utarudi. Usiache swali tupu.

Na jina. Hakikisha jina ulilojisajilia linafanana herufi kwa herufi na kitambulisho utakachobeba. Sisi tuna majina matatu, pasipoti inaandika hivi, leseni ya udereva inaandika vile. Siku ya mtihani wangu wa pili, kijana wa mbele yangu kwenye foleni alirudishwa nyumbani kwa sababu kwenye usajili aliandika Mohamed na kwenye kitambulisho ilikuwa Mohammed. Alikuwa amesoma miezi mitano.