Dizeli kwenye mashua ya tanga: anza na maji yaliyoko chini ya tangi

Wenye mashua za tanga zenye injini ya ndani, hangaikeni na maji kabla ya kitu kingine chochote. Lori linamaliza tangi ndani ya siku chache, ila sisi kusi likiwa zuri tunatembea na tanga tu, dizeli inakaa miezi, hewa ya chumvi yenye unyevu inaingia kupitia bomba la kupumulia, usiku tangi likipoa unyevu unageuka matone yanashuka mpaka chini maana maji ni mazito kuliko dizeli. Sasa pale maji na dizeli yanapokutana ndo bakteria na fangasi wanazaliana, wanatengeneza ute mweusi unaoteleza. Bandarini huoni shida. Siku mawimbi yakichachamaa ute unavurugika, filta inaziba, injini inazima na wewe uko kwenye mlango wa mwamba.

Kwahiyo kabla ya safari, chombo kikiwa kimetulia usiku mzima, fungua koki ya chini ya tangi. Kama haina, teremsha mpira mwembamba mpaka sakafu ya tangi uvute kwa pampu ya mkono (usinyonye kwa mdomo jamani). Kinga kwenye chupa angavu uisubiri kidogo: maji yanakaa chini, dizeli juu, mstari unauona kabisa. Dizeli nzuri inapitisha mwanga, ikiwa na ukungu bado ina maji. Endelea kutoa mpaka ije safi, na huo uchafu peleka nchi kavu, usimwage baharini.

Dizeli ya madumu iache itulie usiku kucha, mimina kwa faneli yenye wavu wa kuzuia maji, ile ya mwisho mwisho iache humohumo kwenye dumu. Kagua oringi (ule mpira wa duara) ya kifuniko cha kujazia, ikipasuka kila wimbi linalopanda juu linaingiza chumvi. Mashua ikikaa muda mrefu acha tangi karibu lijae. Na tangi la bati la zinki usiweke kabisa, dizeli inakula ile zinki na uchafu wake unaenda mpaka kwenye nozeli zinazopuliza dizeli ndani ya injini.

Upande wa filta, weka separeta (filta inayotenganisha maji na dizeli) yenye kikombe cha kioo kabla ya pampu ya dizeli. Mimi napenda ya maikroni 10 (maikroni ni kipimo cha uchafu inaozuia, namba ndogo inachuja zaidi), ukianza na ya maikroni 2 inaziba mapema mno, kazi ya kuchuja hivyo iachie filta ya kwenye injini. Beba za akiba, alafu jifunze kutoa upepo ulioingia kwenye njia ya dizeli ukiwa umetia nanga: legeza boliti ya juu ya filta, piga pampu ndogo ya mkono ya njia ya dizeli mpaka mapovu yaishe, kaza.

Dawa ya kuua fangasi ipo na inasaidia, ila wakishakufa mizoga yao inabaki humohumo inaziba filta vilevile, kwahiyo safisha tangi kwanza ndo uweke dawa, na wiki za mwanzo angalia kile kikombe cha separeta kila ukiwasha injini.