Likizo Lamu bila kurudi na homa: mbu wa usiku na yule wa mchana

Wageni wanaofika kwenye nyumba ninayoitunza hapa Mkomani huulizia chandarua kabla hata hawajavua viatu. Sawa kabisa. Lakini asubuhi mtu yuleyule huketi uani na chai na mahamri, miguu wazi chini ya meza, na hapo ndipo anapoumwa. Chandarua humzuia anofelesi, mbu wa malaria, ambaye hutafuta damu kuanzia magharibi hadi alfajiri. Aedesi, yule mweusi mwenye mistari myeupe miguuni, huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri, naye ndiye anayeleta dengi na chikungunya, homa zinazosababishwa na virusi.

Hatua ya 1: Dawa kabla ya kupanda ndege

Mwone daktari wiki kadhaa kabla ya safari. Hili nawaambia hata Wakenya wenzangu: aliyekulia Nairobi au Nyeri hana kinga ya malaria ya kujivunia. Ukipewa atovakoni-proguanili, dawa ya kuzuia malaria, unaanza siku moja au mbili kabla, unameza kila siku, kisha unaendelea siku 7 baada ya kuondoka. Doksisaiklini inaendelea wiki 4, na huifanya ngozi iungue haraka juani, jambo la kufikiria kama mpango wako ni kushinda kwenye jahazi. Wengi huacha vidonge siku wanayovuka kwenda uwanja wa ndege wa Manda. Usifanye hivyo, vimelea vinaweza kuwa bado vimo mwilini. Dengi haina kidonge cha kuizuia, kwa hiyo hatua zinazofuata ndizo kinga yako.

Hatua ya 2: Zunguka nyumba, angalia maji

Hii ndiyo ninayoisisitiza. Mwaka 2004 chikungunya iliikumba Lamu wakati wa ukame, si wakati wa masika. Watu walikuwa wameweka akiba ya maji majumbani, yakakaa muda mrefu bila kubadilishwa, aedesi akapata pa kutagia. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Kwa hivyo usijipe moyo eti umekuja kiangazi.

Siku ya kwanza, chukua tochi. Angalia mapipa, ndoo ya chooni, visahani vya chini ya vyungu vya maua, madafu yaliyotupwa nyuma ya jikoni, na birika la bafuni, yaani tangi la maji la kujengwa, kama nyumba ni ya kale. Mulika maji: ukiona vijidudu vinavyojipinda na kuzama ukisogeza kivuli, hivyo ni viluwiluwi. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Aedesi hutaga ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi. Sugua kuta kwa brashi, kisha funika. Wazee wa hapa walifuga samaki wadogo ndani ya birika ili wale viluwiluwi, na sakafuni wakajengea bakuli la kaure ili maji yakipungua samaki wabaki na pa kuishi. Ukiwakuta samaki hao, waache.

Mwenye nyumba hatakasirika ukimwomba afunike pipa. Akikasirika, tafuta nyumba nyingine.

Hatua ya 3: Kitanda

Inua chandarua kwenye mwanga, tafuta matundu, ziba kwa uzi. Kifunge kabla ya magharibi na ukichomeke chini ya godoro pande zote. Kiwiko au mguu ukigusa wavu, mbu atakuuma kupitia hapohapo. Kabla ya kulala kung'uta mapazia na nguo zilizotundikwa. Mbu hupenda kupumzika gizani. Feni nayo inasaidia sana. Moshi wa majani ya mwarobaini hufukuza kiasi, lakini ukizimika wanarudi.

Hatua ya 4: Ngozi

Mafuta ya kukinga jua kwanza, yakikauka ndipo dawa ya mbu yenye DEET asilimia 20 hadi 50. Paka kifundo cha mguu na nyuma ya goti, sehemu zinazosahaulika, na urudie ukitoka kuogelea. Watoto wapakwe na mtu mzima, mikono yao iachwe. Mchana vaa nguo nyepesi, ndefu, za rangi hafifu.

Hatua ya 5: Ukipata homa

Nenda hospitali siku hiyohiyo upimwe malaria, hata kama umesharudi bara na miezi miwili imepita, na umwambie daktari ulikuwa Lamu. Kabla ya kupimwa tumia paracetamol tu. Aspirini na ibuprofeni ziache, kwa sababu kama ni dengi zinaweza kuongeza kuvuja damu. Na homa ya dengi ikishuka, usikimbilie kufungasha mizigo. Saa 24 hadi 48 zinazofuata ndizo za hatari zaidi: maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, damu kwenye fizi au puani, au kulegea kusiko kwa kawaida, rudi hospitali hata kama ni usiku wa manane.